Adam Goodes: mechi 372 zote zimefunikwa na kuzomewa

Kila nikiandika jina la Adam Goodes, mchezaji wa mpira wa Australia mwenye asili ya Kiaborijini (wenyeji asilia wa kule), kwenye simu, vitu vinavyotoka ni vilevile. Tusi la 2013, zomeazomea ya 2015, ubaguzi, ligi kuomba msamaha. Unashuka chini, unashuka tena, na unaweza kusoma nusu saa nzima bila kukutana na sentensi moja inayokuambia huyu mtu alikuwa anacheza vipi, namba gani, alikuwa na nini ambacho wengine hawana. Na mimi hilo linaniuma sana, kwasababu hao waliomzomea, mbali na kumchosha mpaka akaacha mpira, wamefanikiwa na hili la pili, kwamba hata sisi tunaompenda tukimtaja tunaanzia kwao.

Kwahiyo leo naanza na mpira. Hayo mengine nitayafikia, maana kukwepa pia ni kumkosea heshima.

Kwa ambao hamjawahi kuutazama huu mchezo wa Australia (wenyewe wanauita footy, na ligi yao kubwa ni AFL), ni hivi: watu 18 kila upande, uwanja wa duara kama yai kwasababu zamani walikuwa wanatumia viwanja vya kriketi, mpira wenyewe nao una shepu ya yai, unaupiga kwa mguu au unaugonga kwa ngumi kumpa mwenzako, kurusha kwa mkono kama kikapu hairuhusiwi. Nguzo ziko nne kila upande, ukipiga kwa mguu ukapita katikati ya zile mbili ndefu ni pointi 6, ukipita pembeni ni 1. Hakuna ofusaidi. Robo nne, na mtu wa kati anaweza kukimbia kilomita 12 na zaidi huku anagongwa kila kona. Sasa enzi za Goodes, mwanzo wa kila robo na baada ya kila goli refa alikuwa anaudunda mpira chini katikati, unaruka juu, afu majitu mawili marefu yanaruka kuugombania. Hiyo nafasi inaitwa raki, na hapo ndo stori ya Goodes inapoanza kunoga.

Alizaliwa Januari 1980 Wallaroo, kamji ka pwani South Australia, mama yake akiwa wa ukoo wa Adnyamathanha na Narungga, na huyo mama ni mmoja wa wale watoto wa Kiaborijini ambao serikali iliwachukua kutoka kwa familia zao wakiwa wadogo. Utotoni Goodes alikuwa mtu wa soka, hili letu la kawaida, na ni baada ya kuhamia upande wa Victoria ndo akaingia kwenye footy, akachezea vijana wa North Ballarat Rebels wakachukua ubingwa 1997. Mwaka huohuo kwenye drafti (klabu zinachagua vijana wapya kwa zamu) Sydney Swans wakamchukua, chaguo la 43. Yaani kulikuwa na majina 42 yaliyoonekana bora kuliko yeye. Wakampa jezi namba 37, namba za watoto wapya wasiojulikana watafika wapi, kwenye ule mchezo ukishakuwa mkubwa unaomba namba ndogo. Yeye hakuomba. Alikaa na 37 mpaka mwisho.

Mechi ya kwanza 1999, na msimu uleule akatwaa tuzo ya chipukizi bora wa ligi nzima.

Sasa tuongelee kitu ambacho kwangu ndo kinamtofautisha. Wachezaji wengi wakubwa wana kitu kimoja wanachokijua kuliko binadamu wengine wote, wanakifanya miaka 12 wanastaafu. Goodes alibadilika. Mwaka 2003 alikuwa raki, lakini raki wa ajabu, maana maraki wa kipindi kile walikuwa majitu mazito ya karibu mita mbili, kazi yao kuruka na kugonga mpira basi, baada ya hapo wanatembea. Huyu ana mita 1.9 na kidogo, mfupi kwa hiyo kazi, ila anakuja na spidi anaruka juu kuliko wao, na mpira ukitua chini anageuka hapohapo anakuwa kiungo wa ziada, na lile jitu lililopangiwa kumkaba halina mguu wa kumfuata. Timu pinzani inajikuta imezidiwa mtu mmoja katikati bila kujua imezidiwaje. Mwaka huo akachukua Brownlow, medali ya mchezaji bora wa ligi, kwa kura 22 akilingana na wawili, Nathan Buckley wa Collingwood na Mark Ricciuto wa Adelaide, wote watatu wakapewa.

Afu sheria ikabadilika. Maraki walikuwa wanaumizana magoti kwa kugongana wakiwa wamekuja na mbio ndefu, ligamenti za nyuma ya goti zinachanika, hivo 2005 ligi ikachora duara la mita 10 katikati ya uwanja ikasema mbio zako mwisho hapa. Ni sheria nzuri kwa afya za wachezaji, sina neno nayo. Ila fikiria wewe ndo mtu ambaye silaha yako kubwa ni zile mbio kabla ya kuruka, na umepungukiwa urefu. Kuna wachezaji ambao badiliko kama hilo lingewamaliza. Kocha Paul Roos akawa anampeleka zaidi kiungo, na jamaa akajifunza kazi ya viungo wafupi wenye kona kali, yeye na mwili wake wa karibu kilo 100, na 2006 akabeba Brownlow ya pili kwa kura 26. Brownlow mbili katika nafasi ambazo ukiangalia vizuri ni kazi mbili tofauti. Ni kama golikipa awe mchezaji bora wa ligi, miaka mitatu baadae arudi kuichukua akiwa namba 8.

Haikuishia hapo. Miguu ilipoanza kuzeeka akasogezwa mbele, straika, na kuanzia 2009 misimu mitatu mfululizo ndo alikuwa anaongoza kwa magoli pale Swans. Timu bora ya mwaka ya ligi aliingia mara nne, 2003, 2006, 2009, 2011, na ukitaka kuelewa uzito wake usihesabu nne, hesabu umbali, kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna miaka minane na majukumu karibu matatu tofauti. Magoli 464 kwa mtu ambaye nusu ya maisha yake ya mpira kazi yake haikuwa kufunga.

Na timu yenyewe. Swans ni klabu iliyohamishwa kutoka South Melbourne 1982 kupelekwa Sydney, mji ambao ni wa ragbi, footy pale ilikuwa mgeni anayeomba pa kukaa. Ubingwa wao wa mwisho ulikuwa 1933. Kwahiyo 2005 walipowafunga West Coast 58 kwa 54 kwenye fainali pale MCG Melbourne, Leo Barry wa Swans akaudaka ule mpira wa sekunde za mwisho katikati ya msitu wa mikono, ilikuwa imepita miaka 72. Msimu huohuo bosi wa ligi alikuwa ameuponda hadharani mpira wao kwamba unachukiza kuutazama. Mwaka uliofuata wakakutana na West Coast tena fainali wakapoteza kwa pointi moja, 85 kwa 84. Ubingwa wa pili wa Goodes ukaja 2012 dhidi ya Hawthorn, huo nitaurudia.

Naomba tukae kidogo kwenye ile Brownlow kwasababu kuna jambo watu wanalipita. Ile medali haipigiwi kura na waandishi wala mashabiki. Wanaopiga ni marefa. Kila mechi ikiisha marefa walewale waliosimama uwanjani, mita chache kutoka kwa wachezaji, wanakaa wanatoa kura 3, 2 na 1. Na inaitwa medali ya mchezaji bora na muungwana, ukifungiwa mechi kwa rafu msimu ule hata ukiongoza kura hupewi. Sasa shikilia hilo.

Maana hoja kubwa ya watu waliomzomea, na nimeisoma mara nyingi sana mpaka naijua kwa moyo, ni kwamba hawakuwa wanazomea rangi yake. Wanasema walikuwa wanazomea tabia, eti alikuwa anajiangusha kutafuta faulo, anawadanganya marefa, mtu wa malalamiko. Nimejaribu kuichukulia hii hoja kwa uzito, kiukweli nimejaribu, kwasababu sio kila anayezomea uwanjani ni mbaguzi na Goodes hakuwa malaika, alikuwa mgumu, anaingia kwa nguvu, na faulo alikuwa anajua kuzipata kama mchezaji yeyote mzoefu anavojua. Lakini hoja inavunjika sehemu mbili.

Ya kwanza hao marefa. Watu wanaodaiwa kudanganywa ndo walewale waliomchagua mara mbili kuwa bora na muungwana kuliko ligi nzima.

Ya pili ni tarehe, na hii kwangu ndo inamaliza mjadala. Mashabiki wa ugenini popote duniani huwa wanamzomea adui anayewatisha, ni kawaida, ni heshima ya aina yake. Kama ingekuwa hiyo, Goodes wa kuzomewa alikuwa ni wa 2003 mpaka 2006, kijana anayewaharibia watu wikiendi. Kipindi hicho alizomewa kawaida kama nyota mwingine yeyote. Zomeazomea ile ya kila anapogusa mpira, uwanja baada ya uwanja, imekuja 2014 ikapanda 2015 akiwa na miaka 34 na 35, amepungua kasi, hatishi tena kama zamani. Kwahiyo kilichobadilika sio mpira wake. Tuangalie basi nini kilikuwa kimetokea hapo katikati.

Mei 2013, MCG, raundi maalum ya kuwaenzi wachezaji wa asili ya Kiaborijini, Swans wanamfunga Collingwood, na Goodes anasikia kutoka jukwaani anaitwa nyani. Anageuka anamnyooshea kidole aliyesema ili walinzi wamuone, na ikaja kujulikana ni binti wa miaka 13. Kesho yake akaongea na waandishi, na cha kwanza alichosisitiza ni kwamba mtoto asishambuliwe, asaidiwe aelewe. Yule binti alimpigia simu akamuomba radhi, yakaisha kati yao. Siku chache mbele rais wa Collingwood, ambaye usiku ule alikuwa ameenda mpaka chumba cha kubadilishia nguo kumuomba radhi, akiwa redioni akatoa utani unaomhusisha Goodes na King Kong. Akaomba msamaha tena. Januari 2014 Goodes akatangazwa Muaustralia wa Mwaka, akatumia ile nafasi kuongelea ubaguzi na historia ya nchi, mambo ambayo familia yake iliyabeba mwilini. Wenyeji asilia ni kama asilimia 3 tu ya watu wote kule, ukiongea unaongea mbele ya wengi ambao hawataki kusikia.

Yaani kidole na mdomo. Hayo ndo mawili yaliyoongezeka.

Na Mei 2015, raundi ileile ya kuenzi wenyeji, nyumbani Sydney dhidi ya Carlton, akafunga goli akasherehekea na ngoma ya vita, hatua chache, afu mkono kama anarusha mkuki kuelekea upande wa mashabiki wa Carlton. Ile ngoma ilitoka kwa vijana wa timu ya wenyeji asilia ya chini ya miaka 16. Sekunde kadhaa tu. New Zealand wanacheza haka kila mechi ya ragbi dunia nzima inapiga makofi, huyu kacheza ya kwao, kwenye ardhi ya kwao, kwenye raundi iliyotengwa kwa ajili yao, wakasema anatishia watu. Mimi hapo huwa nashindwa kuendelea kubishana.

Julai mwaka huo Perth, dhidi ya West Coast, ikawa mbaya kupita zote, na mwenzake Lewis Jetta alipofunga akaicheza ngoma ile mbele ya jukwaa lililokuwa linazomea ili asibaki peke yake. Baada ya hapo Goodes akaomba mapumziko. Mechi iliyofuata Swans walicheza na Adelaide bila yeye, na robo ya tatu ilipofika dakika ya 7, tatu na saba kama jezi yake, uwanja wa Sydney ukasimama ukapiga makofi kwa mtu ambaye hayupo. Alirudi wiki iliyofuata ugenini kwa Geelong na wale mashabiki wa Geelong wakampokea kwa makofi, lazima niwape haki yao.

Lawama yangu kubwa hata hivo haiko kwa mashabiki, iko kwa ligi, na sio kwa sababu ya ukimya tu. Tatizo ni zaidi ya hapo. Mwaka 1993 Nicky Winmar alinyanyua jezi akaonyesha ngozi yake kwa mashabiki wa Collingwood waliomtukana, 1995 Michael Long akagoma kunyamaza baada ya kutukanwa na mchezaji wa timu pinzani, na ndipo ligi ikatunga sheria ya kukataza matusi ya rangi. Sheria nzuri, ya mapema kuliko ligi nyingi duniani. Ila ilitungwa kwa picha ya mtu mmoja anayetamka neno moja kwa mtu mmoja. Zomeazomea haina neno. Ni sauti ya watu elfu 30, hakuna wa kumshika, kila mmoja anaweza kusema mimi nilikuwa nazomea faulo. Ligi ilikuwa na sheria ya miaka 20 iliyopita mkononi na tatizo ambalo ile sheria hailioni, na badala ya kusema wazi kwamba tunajua hii ni nini wakapoteza wiki baada ya wiki wakitafuta maneno ambayo hayatamkera mtu. Msamaha wa ligi na klabu zote 18 ulikuja 2019, wakakiri kabisa kwamba hawakusimama nae. Miaka minne baada ya mtu kuondoka.

Mechi ya mwisho ilikuwa Septemba 2015, nusu fainali, Swans wamefungwa nyumbani na North Melbourne. Akawaambia wenzake chumbani kwamba basi, imetosha. Kule wastaafu wa msimu huwa wanazungushwa uwanjani siku ya fainali kuaga, yeye hakwenda. Mechi 372, hakuna aliyewahi kuichezea klabu ile mechi nyingi hivo, na wakati anaondoka hakukuwa na mchezaji wa asili ya Kiaborijini aliyefikisha idadi hiyo kwenye ligi, mpaka Shaun Burgoyne alipokuja kumpita. Na kaondokea mlango wa nyuma.

Mwaka 2021 wakataka kumuingiza kwenye ukumbi wa magwiji, akakataa. Wapo waliosema ana kinyongo, ameshaombwa radhi anataka nini tena. Mimi namuelewa kabisa na nadhani alifanya sawa. Ule ukumbi ungewapa wao picha waliyoikosa 2015, ya Goodes anatabasamu na bahasha mkononi, kila mtu anapumua. Yeye ile picha hakuihitaji, Brownlow zake ziko nyumbani, na muda wake anaupeleka kwenye taasisi ya GO waliyoianzisha na mwenzake wa Swans Michael O'Loughlin 2009 kusomesha watoto wa Kiaborijini.

Kuna kitu kimoja kidogo kinachonigusa kama mtu wa huku kwetu. Kwenye drafti ya 2013 Swans walimchagua kijana anaitwa Aliir Aliir, chaguo la 44, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wazazi wa Sudan Kusini. Misimu miwili ya mwisho ya Goodes huyo kijana alikuwa palepale mazoezini, hajacheza hata mechi moja ya ligi, anaangalia yule mkubwa wa chaguo la 43 anavopita kwenye hayo yote. Walichoongea wanajua wenyewe. Lakini kijana ambaye ndo anaingia kwenye ule mchezo, mweusi, mgeni, alijifunza nini kuhusu majukwaa yale kabla hata hajavaa jezi? Alianza kucheza 2016 na baadae akahamia Port Adelaide, na ni beki mzuri kwelikweli.

Turudi 2012 kama nilivoahidi. Fainali, MCG, karibu watu laki moja, Hawthorn ndo wanapewa nafasi. Goodes ana miaka 32, ni mmoja wa manahodha wawili wa timu. Robo ya pili ligamenti ya nyuma ya goti inachanika, jeraha lilelile lililoifanya ligi ichore duara. Mtu wa kawaida anatoka. Yeye anafungwa goti anarudi, na ukiangalia video unaona kabisa anachechemea, hawezi kugeuka upande mmoja, mabeki wa Hawthorn wanajua na bado hawamwachi. Robo ya nne mechi iko kwenye mizani, mpira unadondoka kwenye vurugu mbele ya goli, miguu mizima iko pale imejaa, na wa kwanza kuufikia ni huyo mwenye mguu mmoja. Anaupiga, pointi 6. Mwenzake Malceski akaja kufunga la mwisho, ikaisha 91 kwa 81.

Ukiandika jina lake kwenye simu usiku wa leo, ongeza na 2012.